Nuskha ya Sauti: Uteuzi wa Chanzo cha Muziki wa Dijitali katika Mtambo wa Nyumbani

Utangulizi

Ushairi wa Kiswahili ni sanaa ya sikio kabla ya kuwa sanaa ya jicho. Utenzi ulighanwa, wimbo ukaimbwa, na hata shairi lililochapishwa gazetini lilitarajiwa kusomwa kwa mahadhi. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi wa fasihi anayejenga maktaba ya vitabu bila kujenga maktaba ya sauti huwa amejinyima sehemu kubwa ya fani anayoisomea. Zamani alikuwa na udhuru: santuri zilikuwa adimu na kaseti zilikatika. Leo rekodi za taarabu, za tenzi na za muziki wa dansi zinapatikana kwa wingi katika diski, katika faili za tarakilishi na kupitia mtandao. Wingi huo ndio uliozua swali jipya: zichezwe kutoka wapi?

Mtambo wa muziki wa nyumbani una viungo vitatu vikuu, navyo ni chanzo, amplifaya na spika. Makala haya yanashughulikia kiungo cha kwanza pekee, na hasa chanzo cha dijitali. Hoja inayotetewa ni kwamba swali linaloulizwa na wengi, yaani chombo kipi ni bora, huulizwa mapema mno. Linalopaswa kutangulia ni swali ambalo mhakiki wa hati za kale hulifahamu vyema: nuskha ipi?

Kutoka Wimbi hadi Tarakimu

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Maikrofoni huugeuza mtikisiko huo kuwa mkondo wa umeme unaopanda na kushuka kwa namna ileile. Santuri iliuchora mkondo huo katika mfereji wake. Kaseti ikauhifadhi kwa sumaku. Mbinu ya dijitali ni tofauti. Kimo cha wimbi hupimwa mara nyingi mno katika kila sekunde, na kila kipimo kikaandikwa kama tarakimu. Diski ya sauti ambayo wengi huiita sidii iliingia sokoni nchini Japani mwaka wa 1982, baada ya kampuni za Sony na Philips kuafikiana juu ya kanuni zake: vipimo 44,100 kwa kila sekunde katika kila mmoja wa mikondo miwili, na biti 16 kwa kila kipimo.

Nambari hizi si za kubahatisha. Kanuni ya hisabati inayohusishwa na Harry Nyquist na Claude Shannon inaeleza kuwa wimbi huweza kurudishwa kamili iwapo limepimwa zaidi ya mara mbili ya masafa yake ya juu kabisa. Sikio la kijana mwenye afya husikia hadi takribani hezi 20,000, na uwezo huo hupungua kadiri umri unavyosonga. Vipimo 44,100 vinatosheleza masafa hayo na kubakiza ziada kidogo. Biti 16 nazo hutoa mwachano wa takribani desibeli 96 baina ya sauti kubwa kabisa na kelele ya chini kabisa, nafasi ambayo kaseti ya kawaida haikuikaribia.

Neno la kusisitizwa hapo ni "kamili". Wapo wanaoshikilia kuwa sauti ya dijitali hutoka ikiwa na vidaraja, mithili ya ngazi, na kwamba sikio hukanyaga vidaraja hivyo. Dhana hiyo haina msingi. Tarakimu hupitia kigeuzi, yaani kifaa kinachozirudisha kuwa mkondo wa umeme, na kigeuzi hicho huchuja kila kilicho juu ya masafa yaliyokusudiwa. Kinachobaki ni wimbi laini.

Je, tarakimu nyingi zaidi huleta sauti bora zaidi? Mwaka wa 1999 Sony na Philips wenyewe walileta diski ya kizazi kipya iliyodaiwa kuipita sidii kwa mbali. Mwaka wa 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha katika jarida la Audio Engineering Society matokeo ya jaribio ambapo wasikilizaji walilinganisha sauti ya diski za aina hiyo na sauti ileile ikiwa imepitishwa katika vipimo vya sidii. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276, karibu sawa na kurusha sarafu. Uchanganuzi wa baadaye wa Joshua Reiss, uliochapishwa mwaka wa 2016 na kujumuisha tafiti 18, ulipata kuwa wasikilizaji walitambua tofauti kwa asilimia 52.3. Tofauti huenda ipo, basi, lakini ni nyembamba mno, na hujitokeza zaidi kwa waliofunzwa kuisikiliza. Mwanafunzi anayetenga pesa za kununua faili za biti 24 ilhali spika zake zimepasuka ameanza kujenga nyumba kwenye paa.

Kilichopunguzwa na Kilichokunjwa

Tarakimu za sidii ni nyingi: kilobiti 1,411 kwa sekunde, sawa na takribani megabaiti 635 kwa saa. Katika miaka ya tisini, diski za tarakilishi zilipokuwa ndogo na mtandao ukijikokota, mzigo huo haukubebeka. Zikatafutwa njia mbili za kuupunguza. Mwanafunzi wa fasihi anaweza kuzielewa kwa kumfikiria mnakili wa hati.

Mnakili wa kwanza anapokutana na kibwagizo kinachorudiwa mwishoni mwa kila ubeti hukiandika mara moja, kisha kila kinapojirudia huweka alama tu. Anayeisoma nakala yake hurudisha kibwagizo mahali pake, wala hapotezi neno. Huu ndio upunguzaji usio na hasara, na muundo wake maarufu ni FLAC, uliotolewa rasmi mwaka wa 2001. Faili ya FLAC kwa kawaida huwa kati ya nusu na theluthi mbili ya ukubwa wa asili, na ikifunguliwa hutoa tarakimu zilezile, moja baada ya nyingine.

Mnakili wa pili huondoa maneno ambayo, kwa maoni yake, msikilizaji hatayakosa. Huu ni upunguzaji wenye hasara, na mfano wake mkuu ni MP3, muundo ambao kwa kiasi kikubwa ulitokana na kazi ya taasisi ya Fraunhofer nchini Ujerumani na ambao ulipewa jina la faili tunalolijua mwaka wa 1995. Nadharia yake inatokana na udhaifu wa sikio: sauti kubwa huifunika sauti ndogo iliyo karibu nayo kimasafa au kiwakati, hivyo ile ndogo yaweza kuandikwa kwa uzembe bila kugunduliwa. Inasemekana, na wahusika wenyewe wamelithibitisha, kuwa wimbo uliowatesa zaidi watafiti hao haukuwa na ala hata moja. Ulikuwa "Tom's Diner" wa Suzanne Vega, sauti ya mwanamke anayeimba peke yake. Karlheinz Brandenburg aliutumia kurekebisha mbinu zake kwa sababu sauti tupu ya binadamu haina pa kuficha dosari. Jambo hili lapaswa kumvutia yeyote anayesikiliza utenzi ukighanwa.

Faili ya MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde, ikitengenezwa kwa uangalifu kutoka kwa diski halisi, si rahisi kuitofautisha na asili yake. Uadilifu unadai hilo likiriwe. Tatizo lipo katika viwango vya chini, vya kilobiti 128 kushuka, ambavyo ndivyo vilivyotapakaa. Hapo dosari tatu husikika, na zote zinamhusu mwanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja.

Ya kwanza ni ya vikwamizo. Nguvu ya sauti /s/ imo katika masafa ya juu, na ya /ʃ/ chini yake kidogo. Faili iliyobanwa kupita kiasi huzigeuza sauti hizi kuwa mchakarisho wa majimaji, na masikio huchoka kabla ya ubeti wa tano.

Ya pili ni ya mpumuo. Katika Kimvita na Kiamu, paa la nyumba na paa wa mwituni hutofautiana kwa pumzi: mnyama hutamkwa kwa kipasuo chenye mpumuo, jengo bila mpumuo. Pumzi hiyo ni mchomo mfupi wa kelele unaofuata mfunguo wa midomo. Imla sanifu imeifuta katika maandishi, kwa hivyo kwa msomaji asiyezaliwa katika lahaja hizo, sauti ya mwimbaji ndiyo ushahidi pekee aliobaki nao. Kelele ikizidi katika rekodi, au masafa ya juu yakififia, ushahidi huo hudhoofika.

Ya tatu ni ya ala. Ganuni na udi hukwanyuliwa, dumbaki hupigwa. Mlio wao huanza ghafla. Mbinu ya MP3 huichakata sauti kwa mafungu, na pale mlio wa ghafla unapoangukia katikati ya fungu, hitilafu ya ukokotozi hutapakaa hadi mwanzo wa fungu hilo. Matokeo yake ni aina ya mwangwi unaotangulia sauti yenyewe, kama kivuli kinachoingia mlangoni kabla ya mgeni. Yeyote anayetaka kulinganisha nuskha mbili za wimbo mmoja wa taarabu na aanze na ganuni.

Nuskha Kwanza

Msomi wa Al-Inkishafi hatosheki kuambiwa kuwa kitabu kimechapishwa kwenye karatasi nzuri. Hutaka kujua ni toleo la Hichens la mwaka wa 1939 au la Allen la mwaka wa 1977, na kila mhariri alitegemea hati zipi. Ajabu ni kwamba msomi huyohuyo huridhika kuwa na wimbo wa Siti binti Saad katika simu yake bila kujua ulifikaje humo.

Tuutazame ufuatano wa nakala. Siti alisafiri hadi Bombay mwaka wa 1928 kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice, katika santuri za mizunguko 78 kwa dakika. Upande mmoja wa santuri ya inchi kumi ulibeba takribani dakika tatu tu. Hii ina maana kuwa hata nuskha ya kwanza kabisa haikuwa wimbo mzima kama ulivyoimbwa barazani. Ilikuwa muhtasari uliolazimishwa na chombo. Mtafiti anayehesabu beti za rekodi hizo na kuhitimisha kuwa nyimbo zilikuwa fupi anaihesabu santuri, haihesabu sanaa.

Santuri hiyo ilichezwa miaka na miaka kwa sindano ya chuma, ikachakaa. Baadaye mtu aliirekodi katika kaseti. Kaseti ikanakiliwa katika kaseti nyingine, na kila unakili ukapunguza masafa ya juu na kuongeza mvumo. Iwapo kaseti ya kwanza ilizunguka kwa kasi isiyo sawa, sauti ya mwimbaji ilipanda au ikashuka, na kosa hilo likarithiwa na vizazi vyote vilivyofuata. Kisha kaseti ya tano ikaingizwa katika tarakilishi, ikabanwa kuwa MP3, ikapandishwa mtandaoni ambako ilibanwa tena, ikateremshwa na kubanwa mara ya tatu, na mwishowe ikachomwa katika diski na kuuzwa kando ya barabara ikiwa na picha ya rangi.

Mtu akiichukua nakala hiyo na kuihifadhi katika FLAC ya biti 24, faili yake itakuwa kubwa na kaseti itabaki kuwa ya tano. Muundo usio na hasara hulinda kilichomo. Haurudishi kilichokwisha kupotea. Ukubwa wa faili, kwa hivyo, si kipimo cha ubora wa nuskha.

Zipo njia za kuipima. Diski ya sauti halisi haibebi zaidi ya takribani dakika 80. Diski inayotangaza nyimbo 150 juu ya jalada lake haiwezi kuwa sidii ya sauti. Ni rundo la MP3. Kwa taarabu, ambapo wimbo mmoja huweza kupita dakika kumi, hata diski ya nyimbo ishirini yafaa kutiliwa shaka. Aidha, programu ya Audacity, ambayo hupatikana bila malipo, huonyesha picha ya masafa yaliyomo katika faili. Iwapo masafa hayo yamekatwa ghafla karibu na hezi 16,000, mithili ya nyasi zilizofyekwa kwa panga moja, yumkini faili ilipitia MP3 ya kiwango cha chini hata ikiwa sasa inajiita FLAC. Kipimo hiki hufaa hata kwa rekodi kongwe, ambazo muziki wake wenyewe haufiki huko juu, kwa maana mkwaruzo wa sindano hufika. Mkwaruzo ukikatwa wembe, kuna aliyekata.

Palipo na toleo lililotayarishwa na watafiti, hilo ndilo la kutangulizwa. Mfululizo wa Zanzibara, uliochapishwa na Buda Musique ya Ufaransa kuanzia mwaka wa 2005, ni mfano unaofaa. Juzuu la pili lake limejikita katika taarabu ya Mombasa ya kati ya mwaka wa 1965 na 1975. Diski za aina hii huja na kijitabu cha maelezo, na kwa msomaji wa fasihi kijitabu hicho huwa na thamani sawa na sauti yenyewe. Maduka mengi yameacha kuuza sidii, hivyo anayeiona diski ya aina hiyo katika duka la mitumba asiipite.

Vyombo Vyenyewe

Nuskha ikishapatikana, suala la chombo hugeuka kuwa jepesi kuliko wauzaji wanavyopenda lionekane.

Aliye na sidii anahitaji kitu cha kuzicheza. Pleya ya DVD iliyotumika, yenye matundu mawili ya nyuma, jekundu na jeupe, hutosha kuunganishwa na amplifaya yoyote. Nyingi miongoni mwazo zina pia tundu la kutolea sauti ya dijitali, hivyo mwenyewe anaweza baadaye kununua kigeuzi cha nje bila kuitupa pleya. Udhaifu wake ni sehemu zinazosogea: jicho la leza huchoka, na vumbi la nyumba zetu haliliachi. Kabla ya kuinunua, ijaribiwe kwa diski yenye mikwaruzo kidogo na kwa wimbo wa mwisho wa diski ndefu, maana jicho dhaifu hushindwa zaidi kwenye ukingo wa nje.

Hata hivyo, njia inayopendekezwa hapa ni ya faili. Tarakilishi yoyote ya mezani au ya mapajani, hata iliyopitwa na wakati, ina nguvu za kutosha kucheza FLAC. Kinachohitajika ni kigeuzi kidogo kinachochomekwa katika tundu la USB, kisha waya wa nyekundu na nyeupe hadi kwenye amplifaya. Tundu la vipokea sauti lililo ubavuni mwa tarakilishi laweza kutumika, ila mara nyingi hubeba mivumo ya mitambo ya ndani, ambayo katika ughani wa taratibu husikika baina ya beti. Kigeuzi cha nje huiondoa mivumo hiyo kwa kutoka nje ya kasha lenye kelele. Zaidi ya hapo, tofauti baina ya vigeuzi vyenyewe ni ndogo kuliko bei zao. Kuhusu nyaya za dijitali zinazouzwa kwa bei ya mbuzi, itoshe kusema kuwa tarakimu ama hufika ama hazifiki.

Anayelinganisha vyombo viwili dukani ahakikishe kwanza kuwa vyote vinatoa sauti ya ukubwa sawa. Sikio hukipenda kilichopaza zaidi, hata kama tofauti haitambuliki kama kupaza, na wauzaji walilijua hilo kitambo.

Simu ya mkono ikiunganishwa na amplifaya kwa Bluetooth ni njia rahisi, nayo ina kasoro moja ya kimsingi. Bluetooth ya kawaida huibana sauti upya kabla ya kuirusha. Faili iliyokuwa imebanwa inabanwa tena juu ya kubanwa. Kwa kusindikiza mapishi yafaa. Kwa kusikiliza mpumuo wa Kimvita, waya ni bora.

Ama kuhamisha sidii kwenda tarakilishi, kuna faraja ambayo mnakili wa hati hakuwahi kuipata. Zipo programu zinazosoma kila sehemu ya diski zaidi ya mara moja, kisha zikakokotoa hesabu ya uthibitisho na kuilinganisha na hesabu za watu wengine waliowahi kuisoma diski hiyohiyo. Hesabu zikiafikiana, nakala ni sahihi hadi biti ya mwisho. Faili ya FLAC yenyewe hubeba ndani yake hesabu ya sauti yake, hivyo miaka kumi baadaye mwenyewe anaweza kuiuliza kama imeharibika. Hati za tenzi zetu zingekuwa na jambo hilo, wahariri wangepumzika.

Muziki wa Kukodi

Wasomaji wengi, bila shaka, hawana diski wala faili. Wanasikiliza kupitia huduma za mtandao. Spotify ilifunguliwa rasmi nchini Kenya mwezi wa Februari mwaka wa 2021, na huduma nyingine zilitangulia. Kwa upande wa sauti pekee, hakuna sababu ya kuzidharau. Kiwango cha kilobiti 320 ni kizuri. Apple Music ilianza kutoa sauti isiyopunguzwa mwaka wa 2021, nayo Spotify ikaanza kuitoa katika baadhi ya nchi mwaka wa 2025. Saa moja ya kilobiti 320 hula takribani megabaiti 144 za bando, na sauti isiyopunguzwa hula mara mbili au tatu ya hizo. Kila msikilizaji anajua mfuko wake.

Kasoro zake ziko kwingineko. Msajiliwa hamiliki chochote. Hata nyimbo alizoteremsha ili azisikilize bila mtandao hufungwa anapoacha kulipa, na wimbo unaopatikana leo waweza kuondolewa kesho mkataba baina ya huduma na mwenye haki ukikatika. Kwa anayesikiliza kwa burudani, hasara ni ndogo. Kwa anayeandika tasnifu na kunukuu sekunde ya 45 ya rekodi fulani, ni kama kunukuu kitabu ambacho maktaba yaweza kukibadilisha usiku kwa toleo jingine bila kugusa jalada. Huduma hizi pia huwa hazisemi nuskha iliyopandishwa ilitoka wapi: kwenye utepe asilia, kwenye santuri, au kwenye ile kaseti ya tano.

Jina la Mtunzi

Lakini dosari inayostahili kuwaudhi wanafunzi wa fasihi kuliko zote ni ya majina. Katika taarabu, anayeimba na aliyetunga mara nyingi si mmoja. Ahmad Nassir Juma Bhalo, ambaye diwani yake ya Malenga wa Mvita ilichapishwa mwaka wa 1971, alitunga mashairi mengi yaliyoimbwa na jamaa yake, Juma Bhalo. Katika skrini ya simu, jina linalojitokeza ni la mwimbaji. Mahali pa mtunzi, kama papo, pamefichwa nyuma ya vibonyezo viwili au vitatu, na kwa rekodi nyingi za pwani pako tupu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeujua ushairi huo kupitia simu pekee anaweza kuhitimu bila kugundua kuwa wimbo anaoupenda na shairi alilotahiniwa vimetoka kwa kalamu moja.

Hapa ndipo faili inayomilikiwa huishinda huduma inayokodiwa, hata pale sauti zinapolingana. Faili ya FLAC ina nafasi za maelezo ambazo mwenye faili huziandika mwenyewe, na hazina mpaka wa majina. Pamoja na zile za kawaida za msanii na mwaka, mtu anaweza kuongeza nafasi ya MTUNZI, ya BAHARI, ya LAHAJA, na ya NUSKHA. Katika hiyo ya mwisho huandikwa kilichonakiliwa na njia kilikopitia: santuri ya lebo ipi na nambari gani, au kaseti ya nani, nakala ya ngapi, iliyochezwa kwa deki gani na tarehe gani. Maelezo hayo husafiri ndani ya faili popote inapopelekwa.

Anayehamisha kaseti za wazee wake na asishawishike kuzisafisha papo hapo. Programu za kuondoa mvumo haziwezi kutofautisha barabara mvumo wa utepe na pumzi ya mwimbaji, kwa kuwa zote mbili ni kelele za masafa ya juu, na mara nyingi huondoka pamoja. Sauti ghafi ihifadhiwe kama ilivyotoka, na iliyosafishwa iwe faili ya pili yenye jina lake. Kila moja iwe na nakala mbili, katika diski mbili, na diski hizo zisikae katika nyumba moja.

Nafasi si kikwazo tena. Diski ya terabaiti moja hubeba takribani saa 2,500 za sauti ya FLAC ya kiwango cha sidii, ambazo ni zaidi ya kaseti 1,600 za dakika 90. Kilicho adimu ni deki ya kaseti inayozunguka kwa kasi sahihi, na muda, kwa sababu kaseti ya dakika 90 haihamishwi kwa chini ya dakika 90. Mikanda iliyorekodiwa katika harusi za Mombasa na Lamu za miaka ya sabini imepita umri wa miaka arobaini, na mingi yao imo katika makabati yenye joto na unyevu wa pwani, ambako utepe huanza kunata.